Vidole Vinne vya Zaidi

Kwa miaka ishirini na saba Tabea alifuma mikono. Si masweta, mikono. Ukimsikia mtu wa Njombe anasema Tabea ni fundi wa masweta ya shule, ujue amemheshimu kwa kumwongezea cheo. Kwenye karakana ya akina mama, ile ya nyuma ya maghala ya viazi, kazi iligawanywa tangu enzi za waanzilishi na hakuna aliyethubutu kuigusa. Judith alifuma vifua na migongo, Emilia alifuma kola, Tabea alifuma mikono, na msimamizi wao, Mama Hulda, aliunganisha vipande na kupiga pasi. Sweta lilitoka mlangoni likiwa la wote na si la mtu yeyote.

Na walikuwa na raha zao, tusidanganyane. Ukungu wa Njombe ukishuka asubuhi ya Juni unafunika barabara, unafunika kanisa, unafunika hata jirani anayekusalimu, ukabaki unaitikia sauti tu. Lakini mle karakanani kulikuwa na jiko la mkaa katikati, birika la chai halikukauka, na mashine zilikwenda kwacha-kwacha huku wenyewe wakiimba nyimbo za kwaya. Judith alishika sauti ya kwanza, Tabea ya pili, Emilia ya tatu, iliyokwaruza kidogo. Mama Hulda hakuimba. Alisema wimbo unamvurugia hesabu ya vifungo. Hata leo Tabea akisikia harufu ya uzi uliopigwa pasi, moyo unamlegea.

Emilia ndiye aliyempokea siku ya kwanza, Tabea akiwa binti wa miaka ishirini na sita mwenye mtoto mgongoni. Alimkalisha mbele ya mashine, akamshika kiganja.

"Pima mkono wa mtoto mpaka kwenye kifundo," Emilia alimwambia, "halafu ongeza vidole vinne."

"Vinne vya nini, mama?"

"Kwani wewe umezaliwa wapi? Mtoto wa huku anakwenda shule majani yameganda kwa sakitu. Viganja vyake ataviweka wapi? Hivyo vidole vinne ndiyo mfuko wake."

Tabea alicheka, maana hakuhitaji kuelezwa zaidi. Yeye mwenyewe alikwenda shule hivyohivyo. Alfajiri mama yake aliopoa viazi viwili kutoka kwenye sufuria vikiwa bado vinafuka mvuke, akatumbukiza kimoja katika kila mkono wa sweta, naye Tabea akavishika humohumo ndani, akashuka kilima akiwa amefumba ngumi mbili za moto. Ulikuwa mtihani ule. Ukila kiazi chako njiani, unafika darasani vidole vimekufa ganzi na penseli haishikiki. Ukivumilia, unafika na vidole hai na kifungua kinywa juu. Mikono hiyohiyo ya sweta ilipangusa makamasi pia, lakini hilo tuliache.

Basi akaongeza vidole vinne. Akaviongeza kwa miaka yote hiyo, bila futi wala chaki, kwa kulaza tu kiganja chake juu ya kazi. Mwanawe Obed akakua, akawa mwalimu huko Songea. Mume akafariki. Jengo likabadilishwa bati. Tabea yuleyule, kiti kilekile, mkono wa kushoto, mkono wa kulia.

Emilia alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Kanisa lilijaa, na mzee mmoja wa kanisa akasimama kusoma historia fupi ya marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akaolewa, akajaliwa watoto watano. Halafu akasoma, kwa sauti ileile: "Marehemu alifanya kazi ya kufuma kola kwa miaka thelathini na mmoja." Huko nyuma mtu alikohoa kwa namna ya kuficha kicheko.

Tabea hakucheka. Aliingiwa na baridi ambayo hakuna jiko la kuiweza. Alijisikia akisomwa yeye, pale mbele, na sentensi yake ilikuwa fupi kuliko ya Emilia. Tabea alifuma mikono. Mikono yote hiyo, ya watoto wasiohesabika, na hajawahi hata siku moja kumvika mtu sweta kuanzia shingoni mpaka kiunoni akasema, hili ni langu.

Walipokuwa wakirudi kutoka makaburini akamwambia Judith. Judith alimzidi miaka minne, alikuwa mtu wa Kidugala, na mdomo wake haukuwa na kifuniko.

"Dada Judi, mimi nikifa watasoma nini?"

"Watasoma kwamba ulikuwa na maneno mengi kwenye misiba ya wenzio."

Lakini alimshika mkono mpaka nyumbani.

Wiki ile watoto wa Emilia walisafisha nyumba ya mama yao, wakaikuta chini ya kitanda mashine ya kufumia, kuukuu, aliyopewa zamani akaihifadhi. Hakuna aliyejua kuitumia. Wakampa Tabea kama kumbukumbu, pamoja na sweta moja kubwa la kijivu ambalo marehemu alikuwa amelimalizia kola siku mbili tu kabla ya kufa. Tabea akaiweka mashine sebuleni, akaifunika kitambaa. Kwa miezi miwili mashine ile ilikaa pale inamtazama kama mgeni anayesubiri kukaribishwa chakula. Mwishoni mwa Aprili Tabea alishindwa kuvumilia. Akatangaza kwamba anakwenda Makambako kupanga fremu ya duka karibu na stesheni, afume masweta mazima ya watu wazima.

Msije mkacheka. Najua Njombe na Makambako ni mwendo wa saa moja kwa basi, na wapo watu wanaovuka bahari bila hata kuaga. Lakini Tabea kwa miaka hamsini na mitatu aliiona Makambako kupitia dirishani tu, basi likisimama abiria wanunue mahindi ya kuchoma. Hakuwa na ndugu kule, hakuwa na usharika, hakuwa na mtu wa kumwitikia "Kamwene" asubuhi. Alichokuwa nacho ni picha moja: siku fulani, akiwa kwenye basi, aliwaona abiria walioshuka kwenye treni ya Dar es Salaam, wamevaa vishati vyepesi, upepo wa Makambako unawapiga mpaka wanakumbatia mabegi yao wenyewe. Watu wale, alisema, hawajui kwamba wananihitaji.

Mama Hulda alimpa ruhusa kwa shingo upande. Kiti kitamngoja mpaka mwisho wa Julai. Asiporudi, anapewa mwingine. Judith akamsindikiza stendi.

"Nenda," alimwambia. "Makambako ikikushinda, kiti kipo. Nitakilinda mimi."

Maneno hayo Tabea alisafiri nayo kama mtu anayesafiri na blanketi. Moyoni alijua hajaruka. Amechungulia tu, na nyuma yake kuna kiti.

Fremu yake Makambako ilipakana na ya Praygod, kijana wa miaka thelathini muuza makava ya simu, mwenye maneno kuliko redio zote za mtaa ule. Ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Tabea alifuma kifua, akafuma mgongo, akafuma mikono kwa kujidai, akafuma kola, akaunganisha. Praygod akaingiza kichwa. Kichwa kikafika kwenye nyusi, kikagoma.

"Mama, nivute!" sauti ilitoka ndani ya sweta.

Tabea akavuta. Masikio yakapinda. Wauza nyanya wa ng'ambo waliacha biashara zao wakaja kutazama. Mwishowe ilibidi mkasi utumike, Praygod akatoka macho mekundu, anahema.

"Mama, kola hii ni ya mtu au ya chupa?"

Kila mtu alicheka, na Tabea naye alicheka ili asionekane anataka kulia. Jioni ile alikaa peke yake na lile sweta la kijivu la Emilia mapajani. Kola yake ilikuwa imelala vizuri, inavutika, inarudi. Kola! Kitu walichokicheka kanisani. Kwa miaka yote aliyokaa naye bega kwa bega hakuwahi kumuuliza anafanyaje, na sasa wa kumuuliza hakuwepo. Ilibaki njia moja tu. Alikata uzi wa mwisho wa Emilia, akaanza kuifumua ile kola mstari kwa mstari, taratibu, akihesabu vitanzi, akiandika kwenye daftari alichokiona. Pale alipopunguza vitatu. Pale alipoongeza viwili ambavyo Tabea asingevifikiria milele. Ilikuwa kama kumsikia tena, sauti ya tatu inayokwaruza. Uzi ulipoisha Tabea alikuwa na daftari lenye kurasa nne, mpira mdogo wa uzi wa kijivu, na macho yaliyovimba.

Kola ya nne ilikubali. Kichwa cha Praygod kilipita kikatokea upande wa pili kinatabasamu.

Lakini mikono sasa! Mikono, ambayo ndiyo kazi aliyoijua kuliko kazi zote, ndiyo iliyomwangusha. Kiganja chake kilizoea kulala pale mwisho na kuongeza vidole vinne bila kumuuliza mwenyewe. Watu wa Makambako ni watu wa biashara, mikono yao iko kazini tangu kunakucha. Mama wa mgahawa alirudisha sweta lake kwa kuwa mikono ilikuwa inaingia kwenye supu. Fundi wa matairi alisema imeshika grisi siku ya kwanza. Mwingine aliuliza, kwa adabu kabisa, kama sweta lile lilifumwa kwa ajili ya nyani. Tabea alijitahidi kufuma mifupi. Akijilazimisha, mmoja unatoka mfupi na mwenzake mrefu. Miaka ishirini na saba haifumuliwi kama kola.

Kila Jumapili baada ya ibada Judith alipiga simu.

"Kiti changu?" Tabea aliuliza kila mara.

"Kipo. Jana tu nimekipangusa vumbi."

Na kila mara Tabea aliona kile chumba, jiko, birika, ukungu dirishani, akatamani mpaka kifua kikamuuma. Mtu asikwambie kwamba anayeondoka haangalii nyuma. Tabea aliangalia nyuma mpaka shingo ikachoka.

Julai ilipobakiza siku tatu, akawa amekata shauri. Siku ya Jumatano akapiga simu yeye.

"Dada Judi, Ijumaa narudi. Mwambie Mama Hulda."

Upande wa pili zilisikika mashine tu, kwacha-kwacha.

"Dada Judi?"

"Nipo. Njoo Jumatatu, mdogo wangu. Ijumaa wanapaka chokaa."

"Chokaa Julai, na ukungu huu?"

"Si unamjua Mama Hulda na mambo yake. Subiri Jumatatu."

Sauti yake haikuwa ya kawaida, lakini Tabea alidhani ni mafua.

Alhamisi asubuhi alianza kufunga mizigo. Alibakiwa na sweta moja tu, lile la kijivu la Emilia. Alikuwa amelifumua lote na kulifuma upya kuanzia mwanzo, kwa mikono yake, kola juu yake, kubwa la mwanamume, na kwa aibu alikuwa ameikunja mikono na kuibana kwa pini mtu asione urefu wake. Lilitundikwa mlangoni. Kwenye jiko sufuria ya viazi ilikuwa inachemka, kifungua kinywa chake.

Treni ilikuwa imeingia. Abiria wakapita na mabegi yao, wakiinamia upepo. Mmoja akasimama: mwanamume wa miaka hamsini hivi, shati jepesi la mikono mifupi, viatu vya kupendeza vya mjini, meno yanagongana.

"Habari za asubuhi, mama. Sweta hilo linauzwa?"

"Linauzwa, baba, ila lina kasoro. Mikono..."

Hakungoja. Alilivaa palepale. Kichwa kikapita kwenye kola bila shida, sweta likamshuka kifuani, likamkaa mabegani, likakoma kiunoni panapotakiwa. Tabea alimtazama akajisahau kidogo. Halafu pini zikaachia, moja, ya pili, mikono ikafunguka na kumfunika viganja vyote.

"Samahani sana," Tabea alisema, akikimbilia mkasi. "Ndiyo kasoro yenyewe. Nikukunjie, au nikufumulie sasa hivi, haichukui muda..."

Mgeni alikuwa amefumba ngumi ndani ya mikono ile. Akaziinua taratibu mpaka mashavuni, akazikandamiza pale, amefumba macho, barabarani, watu wanapita.

"Kiazi kiko wapi?" akauliza.

Tabea alisimama na mkasi wake.

"Mama yangu aliniwekea viwili," mgeni alisema. "Kimoja huku, kimoja huku. Sisi ni wa Mawengi, huko milimani. Kuna siku nilivila vyote kabla sijafika mtoni, nikalia kwa baridi mpaka shuleni." Alitabasamu. "Naitwa Ezekia. Sijafika nyumbani miaka kumi na mmoja, dada yangu. Kila mwaka nasema mwakani. Sasa nakwenda kumzika."

Tabea aliweka mkasi chini. Akafunua sufuria, akaopoa viazi viwili vinavyofuka mvuke, akavipangusa kwa kanga. Akaushika mkono wa kulia wa sweta, akatumbukiza kimoja. Akaushika wa kushoto, akatumbukiza cha pili. Ezekia akavishika humohumo ndani na kufumba. Machozi yalimtoka bila kelele, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, ikabidi ayafutie kwenye vile vidole vinne vya zaidi, kama alivyofanya akiwa na miaka saba.

Alipotulia akaliangalia sweta, akalivuta kola, akalipapasa kifuani.

"Nani amefuma?"

Kwa miaka ishirini na saba swali hilo lilikuwa na jibu moja. Tabea alilisikia likimjia ulimini kwa mazoea: mimi nilifuma mikono tu. Akalimeza.

"Mimi," alisema.

"Lote?"

"Lote."

Ezekia akatikisa kichwa kwa heshima, akaondoka kuelekea stendi, ngumi mbili ndani ya sweta, hatua fupifupi za mtu anayeshuka kilima. Tabea alimtazama mpaka akapotea. Halafu akakaa juu ya mzigo wake uliofungwa, akalia vizuri, kwa ajili ya mama yake mwenyewe, na Emilia, na kile chumba chenye jiko alichokipenda na asichokitamani tena kwa namna ileile. Praygod alichungulia akataka kusema kitu. Kwa mara ya kwanza tangu afahamike mtaani, akanyamaza.

Alipomaliza kulia akachukua simu.

"Kamwene, dada Judi. Mwambie Mama Hulda kile kiti ampe mtu mwingine. Sirudi."

Judith alishusha pumzi ndefu iliyosikika mpaka Makambako.

"Mungu ni mwema. Kiti chenyewe alishapewa mtu."

"Lini?"

"Wiki uliyoondoka. Mama Hulda alisema shule hazingoji. Yupo binti mmoja, anaitwa Jasmine, anafuma mikono mifupi, bila hata kidole kimoja cha zaidi."

Tabea alishika ukuta. Miezi mitatu yote alikuwa ameruka kweli, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Na vumbi ulilokuwa unalipangusa kila Jumamosi?"

"La kiti changu. Ningekwambia ukweli ungerudi siku ileile ukalia mlangoni. Jana uliposema unakuja nilikosa usingizi. Na chokaa nikaona imegoma kuingia akilini mwako." Sauti ya Judith ikawa ndogo. "Nilitaka mmoja wetu avuke, mdogo wangu. Mimi sikuweza."

Upepo uliupiga mlango, kifuniko cha sufuria kikacheza.

"Dada Judi, nikufumie sweta."

"Zima?"

"Zima. Mikono yako naijua, nimeitazama miaka yote hii, sihitaji futi. Lakini mgongo wako siujui. Wewe ndiye uliyekuwa unafuma migongo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo itabidi uje nikupime."

Judith alicheka, kile kicheko cha karakanani kilichowahi kumvurugia Mama Hulda hesabu ya vifungo. Kisha akauliza kwa woga, yeye ambaye mdomo wake hauna kifuniko, basi la Makambako siku za Jumamosi linaondoka saa ngapi.